Kupanua kituo cha afya kwa fedha za halmashauri: mwongozo kamili kwa kata za Tabora

Mwongozo huu ni wa kamati za usimamizi wa vituo vya afya, waganga wafawidhi, watendaji na madiwani wa mkoa wa Tabora ambao kituo chao kimeelemewa. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa huu na watu milioni 2.29. Ya 2022 ikawakuta milioni 3.39. Wodi ya wazazi iliyotosha wakati ule leo inalaza kina mama wawili kitanda kimoja, na hilo halivumiliki.

Lakini msongamano huo kila kata inao, na kila diwani anausema barazani. Kata inayopata jengo ni ile ambayo mradi wake uliingia kwenye mpango mapema, ukiwa na kiwanja kisicho na mgogoro, makadirio ya mhandisi na kasma yake, yaani mstari wake wa fedha, kwenye bajeti. Maombi yanayofika mwezi Machi, hata yakiwa na uchungu wa kweli ndani yake, yanakuta fedha imeshagawanywa.

Fedha ziko wapi

Fungu la kwanza ni mapato ya ndani ya halmashauri. Kwa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, tumbaku ina uzito mkubwa humo: ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 ya bei ya mkulima, na anayeulipa ni mnunuzi. Igunga na Nzega wanategemea zaidi minada ya mifugo, mpunga na pamba, na ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya makampuni. Mwongozo wa bajeti wa serikali huitaka kila halmashauri kupeleka sehemu ya mapato yake kwenye miradi ya maendeleo. Kiwango hutegemea ukubwa wa makusanyo, na halmashauri nyingi za vijijini zimekuwa kwenye asilimia 40.

Fanyeni hesabu hii kabla ya kuomba chochote. Tuseme halmashauri inatarajia kukusanya shilingi bilioni 3. Ondoa kwanza vyanzo fungwa, yaani fedha ambazo tayari zina mwenyewe, kama malipo ya wagonjwa vituoni, ambayo hubaki vituoni. Tuseme imebaki bilioni 2.5. Asilimia 40 yake ni bilioni 1. Kuna pia asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu (4, 4 na 2), ambayo ni milioni 250. Mwulizeni ofisa mipango kama kwenye hesabu zake mikopo hiyo imo ndani ya ile 40. Ikiwa imo, zinabaki milioni 750 kwa kata zote na sekta zote: madarasa, ofisi za watendaji, zahanati, masoko. Halmashauri yenye kata 20 ikigawa sawa, kila kata inapata milioni 37.5. Kata ikiandika ombi la milioni 400 kutoka fungu hili, wataalamu wanaliweka pembeni wakijua halitekelezeki, na mwaka mzima unapotea hivyo.

Fungu la pili ni ruzuku ya maendeleo kutoka Serikali Kuu kupitia OR-TAMISEMI (Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Hapa ndipo zinapotoka fedha kubwa. Vituo vya afya vingi vilivyojengwa miaka ya karibuni vilipewa shilingi milioni 500, mara nyingi kwa awamu mbili za milioni 250: kwanza jengo la wagonjwa wa nje, maabara na kichomea taka, kisha jengo la wazazi, upasuaji na kufulia. Umaliziaji wa maboma ya zahanati, yaani majengo yaliyosimamishwa kuta bila kukamilika, umekuwa ukipewa milioni 50 kwa boma. Viwango hivyo vinawaonyesha ukubwa wa ombi ambalo mezani kwa wizara linaonekana la kawaida.

La tatu ni Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ambao mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge. Ni fedha ya kuchochea: bati, saruji na mbao kwa boma ambalo wananchi wamelisimamisha. La nne ni nguvu za wananchi zenyewe, na michango ya vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo Tabora vina sauti kubwa. Kuhusu fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo kutoka Mfuko wa Afya wa Pamoja, hizo ni za kuendesha huduma na ukarabati mdogo. Msizipangie wodi mpya. Mkaguzi ataandika hoja, na dawa zitapungua.

Kalenda ya kushika

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Ukitaka jengo lianze Julai, kazi yako inaanza Julai ya mwaka uliotangulia.

Julai hadi Septemba, kamati ya usimamizi wa kituo inakusanya takwimu na kupeleka hoja kwenye halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo msiombe mkutano wa dharura. Ingieni kwenye ajenda ya ule uliopo. Muhtasari uonyeshe akidi, mahudhurio yenye sahihi, na azimio linalotaja jengo kwa jina. “Kuboresha huduma za afya” si azimio. “Kujenga wodi ya wazazi yenye vitanda 20 kwenye kiwanja cha kituo, mradi wa kipaumbele namba 1 wa kijiji” ni azimio.

Oktoba, Kamati ya Maendeleo ya Kata inapanga vipaumbele vya vijiji vyote vya kata. Hapa ndipo miradi mingi ya afya hufa, kwa sababu kila kijiji kinataka zahanati yake na kituo cha kata hakina mtetezi. Mganga mfawidhi aje na orodha ya wagonjwa kwa kijiji wanachotoka. Mwenyekiti wa kijiji jirani akiona kwamba kina mama 140 wa kijiji chake walijifungulia hapo, hawezi tena kukiita kituo cha watu wengine.

Novemba na Desemba mwongozo wa bajeti unakuwa umetoka, na halmashauri inaingiza miradi kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti. Mradi wenu uwe kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri na pia kwenye mpango wa maendeleo wa halmashauri. Kuwa kwenye mmoja tu hakutoshi: Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza kuwa anaupigania huku ofisa mipango hana habari nao. Mtendaji wa kata aende mwenyewe idara ya mipango aone mradi umeandikwa kwa jina gani, kwenye kasma ipi na kwa kiasi gani.

Januari na Februari ni za kamati za kudumu za madiwani na Baraza kupitisha bajeti. Baada ya hapo mpango unapita ngazi ya wilaya na mkoa, unachambuliwa TAMISEMI, na Bunge linajadili kuanzia Aprili. Kwenye mwaka wa uchaguzi mkuu mabaraza huvunjwa kabla ya uchaguzi, kwa hiyo jambo lolote linalohitaji idhini ya madiwani lipitishwe mapema.

Andiko lenyewe

Kurasa nne au tano zinatosha. Zisizidi.

Ukurasa wa kwanza ni takwimu za miezi 12 kutoka kwenye rejista za kituo: wagonjwa wa nje kwa mwezi, waliojifungua, waliopewa rufaa na sababu ya rufaa, idadi ya vitanda, na umbali hadi hospitali inayofuata. Namba za rufaa ndizo zenye nguvu kuliko zote. Kituo kikionyesha kwamba kina mama kadhaa kila mwezi husafirishwa kilomita 60 za vumbi au tope kwa sababu tu hakuna chumba cha upasuaji, hoja imeshajengeka. Msiongeze chumvi. Mganga Mkuu wa Wilaya ana takwimu zilezile kwenye mfumo wa taarifa za afya, na zikipishana na zenu andiko zima linapoteza imani.

Ukurasa wa pili ni ardhi. Ambatisha muhtasari wa kijiji wa kutoa ardhi, mchoro wa mipaka, na barua ya fidia iliyolipwa au kusamehewa kwa maandishi. Mzee aliyeitoa ardhi kwa mdomo mwaka 1985 anaweza kuwa ameshafariki, na watoto wake wakasimamisha mafundi siku msingi unachimbwa. Maandishi hayo yapatikane kabla ya fedha.

Kurasa zinazobaki ni za ramani na makadirio. Tumieni ramani za TAMISEMI za vituo vya afya. Msichore ya kwenu. Makadirio yafanywe na mhandisi wa halmashauri kwa bei za Tabora, pamoja na usafiri hadi eneo la ujenzi, kwa kuwa mfuko wa saruji ukifika Ulyankulu au Kitunda si wa bei ile ya mjini.

Kamati inapaswa kuweza kuyapima makadirio hayo bila kuwa na mhandisi ndani yake. Chukulia jengo la mita 18 kwa 9. Sakafu ni mita za mraba 162. Zege la unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 16.2. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kila mita ya ujazo hula mifuko kama 6.5 ya saruji ya kilo 50, kwa hiyo sakafu inahitaji mifuko 105 hivi, mchanga mita za ujazo 7 hadi 8 na kokoto kama 15. Kuta za nje ni mita 54 kwa kimo cha mita 3, yaani 162. Ongeza kuta za ndani mita 40, yaani 120. Jumla ni 282. Toa asilimia 15 ya milango na madirisha, unabaki na mita za mraba 240. Tofali za saruji za inchi 6 zinaingia 10 kwa mita moja ya mraba: 2,400, pamoja na asilimia 5 ya kuvunjika ni 2,520. Mfuko mmoja ukitoa tofali 30, ni mifuko 84. Msingi, renta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), lipu na paa ni hesabu nyingine. Makadirio yakisema tofali 5,000 kwa jengo hilohilo, ulizeni. Anayewaambia kila mfuko utatoa tofali 50 anawauzia ukuta utakaokwaruzika kwa kucha.

Tabora ina mchwa, na mchwa hawasubiri. Dawa ya mchwa chini ya sakafu na mbao zilizotiwa dawa ziwe mstari wa kujitegemea kwenye makadirio, vinginevyo ndivyo vitu vya kwanza kukatwa fedha ikipungua.

Gawa mradi kwa hatua zinazotumika

Kosa linaloziumiza halmashauri nyingi ni kuanza majengo saba na kutomaliza hata moja. Madiwani wanaona haki ni kila kata kupata milioni 20, na matokeo yake ni maboma saba yanayoota majani. Mjengee diwani wenu hoja tofauti: ombeni fedha ya hatua ambayo ikikamilika inatoa huduma hata kama mwakani hamtapata senti. Kumalizia chumba cha kujifungulia kikatumika ni bora kuliko kusimamisha kuta za jengo zima la wazazi. Diwani anaweza pia kukubaliana na wenzake kupokezana: mwaka huu fedha ya kutosha kata mbili, mwakani mbili nyingine, na makubaliano yaandikwe kwenye muhtasari wa Baraza.

Nguvu za wananchi zipewe thamani na mhandisi. Mawe, mchanga, maji, uchimbaji wa msingi na usombaji vyote vipimwe, viandikwe kwa shilingi na kuonekana kwenye andiko. Michango ya fedha taslimu ipitishwe na mkutano mkuu, ikatiwe stakabadhi na kusomwa hadharani kila robo mwaka. Mahali ambapo stakabadhi hazikutolewa, mchango wa pili haupatikani.

Fedha ikiingia

Ujenzi wa ngazi hii mara nyingi hufanywa kwa fosi akaunti: halmashauri au kituo kinanunua vifaa na kuingia mkataba wa ufundi na fundi wa eneo. Kunaundwa kamati tatu: ya ujenzi, ya ununuzi, na ya mapokezi na ukaguzi. Mtu mmoja asikae kwenye mbili. Aliyenunua saruji hawezi kuwa ndiye anayethibitisha kwamba imefika.

Ununuzi unapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Wenye maduka ya vifaa wengi kwenye miji midogo walikuwa hawajajisajili humo, na hapo ndipo wiki hupotea. Kamati ianze kuwahimiza miezi mitatu kabla, ili siku fedha inaingia kuwe na wazabuni wa karibu wa kushindana; vinginevyo saruji itatoka mbali kwa bei ya mbali. Wakumbusheni pia kodi ya zuio, asilimia 2 kwenye vifaa na 5 kwenye huduma, na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Fundi asiyeambiwa mapema huona amedhulumiwa siku ya malipo, na kazi inasimama.

Malipo ya ufundi yafuate hatua zilizopimwa: msingi, kuta hadi renta, kupaua, lipu na sakafu, umaliziaji. Kila hatua ina cheti cha mhandisi kabla ya malipo. Msikubali kulipa “nusu kwa imani”. Mhandisi wa halmashauri ana miradi mingi na gari moja, kwa hiyo mpigieni siku tatu kabla ya kumwaga zege, na nondo zipigwe picha kabla hazijafunikwa. Zuieni asilimia 5 hadi 10 kama mkataba unavyosema hadi kipindi cha matazamio, yaani cha kuangalia kasoro, kiishe, kwa sababu paa linalovuja halijulikani kiangazi.

Mvua sasa. Tabora msimu ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Msingi na kuta ambazo hazijafika juu kabla ya Novemba zitapigwa na maji, tofali mbichi zitamomonyoka, na tipa za kokoto zitanasa kwenye mbuga. Upande wa pili, masoko ya tumbaku huendeshwa zaidi mwishoni mwa masika na wakati wa kiangazi, hivyo ushuru mwingi hufika robo ya mwisho ya mwaka wa fedha na robo ya kwanza ya ule unaofuata. Mradi wa mapato ya ndani uombewe fedha Julai hadi Septemba, wakati hazina ya halmashauri ina kitu na ardhi ni kavu. Ukipangiwa Januari, unakuta mvua nje na akaunti tupu.

Fedha ikiingia Juni ni hatari ya aina nyingine. Isiyotumika hadi Juni 30 huingia kwenye utaratibu wa fedha vuka mwaka, na inaweza kukaa miezi kabla ya kurudi. Kituo ambacho kamati zake zimeshaundwa, makadirio yamesainiwa na wazabuni wako kwenye mfumo kinaweza kuingia mikataba ndani ya wiki mbili. Kituo kinachoanza kuunda kamati Juni 15 kinaipoteza.

Yanayosahaulika hadi siku ya ufunguzi

Chumba cha upasuaji kinahitaji umeme wa njia tatu, na vijiji vingi vina njia moja. Andikeni TANESCO wakati msingi unachimbwa ili gharama ya nguzo na transfoma iingie bajeti ijayo. Jenereta iwe na mstari wa mafuta, si mashine tu. Maji yawe na tangi lililoinuliwa, na bati zote ziwe na mifereji ya kuvunia mvua. Shimo la kondo, kichomea taka na njia ya kupitisha machela kati ya majengo viwe kwenye makadirio ya kwanza. Tumeona njia hiyo ikiachwa mara nyingi sana, na mama anatolewa upasuaji akipitishwa kwenye matope.

Watumishi ndio kizito kuliko vyote. Baraza linaweza kujenga wodi, lakini ajira hutoka kwa kibali cha ofisi ya Utumishi ya Serikali Kuu. Mganga Mkuu wa Wilaya aingize nafasi kwenye ikama (orodha ya nafasi za watumishi) ya mwaka ambao jengo litakamilika: mtoa dawa za usingizi, wakunga, mtaalamu wa maabara. Huyo wa usingizi ni adimu, na bila yeye upasuaji haufanyiki. Njia ya haraka ni kumpeleka kozini muuguzi au tabibu aliyepo sasa, wakati jengo bado liko kwenye msingi.

Zahanati ikipandishwa kuwa kituo cha afya, usajili ubadilishwe kwenye orodha ya vituo ya wizara. Bila hivyo Bohari ya Dawa na mgao wa fedha za uendeshaji vitaendelea kuihesabu kama zahanati, na wodi mpya italetewa dawa za zamani. Barua ya kuomba kupandishwa hadhi ianze safari jengo likiwa kwenye lipu.

Kwa hospitali za mashirika ya dini, kama Nkinga na Ndala, njia ni nyingine kidogo. Ardhi na majengo si mali ya halmashauri, kwa hiyo fedha ya umma hupitia makubaliano ya huduma kati ya mmiliki na halmashauri: watumishi, dawa, ruzuku ya uendeshaji. Mkitaka jengo, makubaliano yaseme waziwazi litakuwa la nani, huduma gani zitabaki bila malipo, na nini kitatokea mkataba ukivunjika. Rasimu ipite kwa mwanasheria wa halmashauri kabla ya Novemba ili iwahi Baraza la bajeti.

Jengo likipokelewa, kamati ya mapokezi iorodheshe kasoro kwa maandishi, chumba kwa chumba, fundi asaini, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji pamoja na hesabu ya fedha iliyotumika na bakaa iliyobaki. Bakaa hiyo, hata ikiwa ni laki nane, iombewe idhini ya kununua vitanda na mapazia kabla ya Juni 30.